Usinifunge Tena

Dadaab,
14 Septemba 1997

Mwalimu wangu Kathure,

Assalamu alaikum. Najua utanijibu "Bwana asifiwe" kwa makusudi, lakini salamu ni salamu. Mimi ni mzima, duka ni zima, kijana wangu Abdiwahid ni mzima na bado anafanya kazi ya stoo kwenye shirika la chakula cha wakimbizi. Kulow, dereva wa lori la maji anayekuletea barua hii, ni mzima pia ila meno yanamsumbua. Usimpe chai yenye sukari nyingi, hata akiomba.

Vitambaa vinatoka vizuri. Wanawake wa kambini wanaishi kwenye hema, lakini ikifika harusi wanataka dira zinazong'aa, yale magauni yetu mapana mepesi, na mimi ndiye ninayezileta.

Nina swali. Si langu. Ni la jirani yangu, mwanamke wa miaka hamsini na minane hivi, mjane kama mimi. Damu ya mwezi ilimwacha zamani, mume wake akiwa bado hai. Sasa imerudi. Ilianza kama doa tu, akafikiri amejikwaruza. Ikaondoka, ikarudi, na sasa haikatiki. Haimuumi. Anaona haya kwenda zahanati ya hapa, maana kila anayekaa kwenye lile benchi habari zake zinafika sokoni kabla hajaitwa jina.

Amemwuliza Kaaha, mke wa maalim wetu, kama anaweza kuswali. Kaaha akamwuliza mumewe bila kutaja mtu, na maalim akasema damu isiyokatika namna hiyo ni ya ugonjwa, haimzuii mtu na sala yake. Ajifunge kitambaa safi na atawadhe kila wakati wa sala. Kwa hiyo la dini limekwisha. Limebaki la mwili. Wewe unajuana na watu wa hospitali. Je, damu inaweza kumrudia mtu wa umri huo kwa heri? Kuna wanaosema ni ujana unarudi.

Jirani yangu anakusalimu sana.

Osob Gelle


Garissa,
22 Septemba 1997

Mama Abdiwahid,

Bwana asifiwe.

Kulow nimempa chai chungu, akanitazama kama nimemtukana.

Barua yako imenikumbusha darasa la ngumbaru, miaka ile Korane wako alipokuwa askari hapa Garissa. Ulikuwa unakaa mbele kabisa na kunyoosha mkono: "Mwalimu, kuna mwenzangu hapa hajaelewa." Mwenzako alikuwa ameelewa zamani, ameshafunga daftari. Basi nami nitamjibu jirani yako.

Mwambie hivi. Damu ikishaaga mwaka mzima, haina ruhusa ya kurudi. Ikirudi, hata tone, si ujana na wala si aibu. Ni jambo la kuangaliwa, tena upesi. Nimezungumza na Ruweyda, yule nesi binti wa hapa hapa unayemjua. Anasema mara nyingi huwa ni jambo dogo: ngozi ya ndani ya kizazi imekonda, au kinyama kimeota. Mara nyingine huwa ni saratani, na ikikutwa mapema huondolewa na mtu akaendelea na maisha yake. Hakuna anayeweza kujua ni lipi kwa kumtazama mtu usoni. Lazima wachukue kipande kidogo cha nyama kutoka ndani ya kizazi, kiende Nairobi kikapimwe.

Aje Jumatatu ya kwanza ya Oktoba wamwangalie kwanza, kisha wampe tarehe ya kuchukua hicho kipande. Afikie kwangu. Mwambie asilete zawadi. Labda maziwa ya ngamia, kama yapo.

Na umwambie jirani yako asikae na jambo hili peke yake.

Kathure


Garissa,
8 Oktoba 1997

Osob,

Leo sikusalimu.

Ruweyda amenieleza kwamba Jumatatu alikuona kwenye foleni, akaitwa wadi, na aliporudi kitanda kilikuwa kitupu, shuka limeanguka sakafuni. Hukunijia. Nilikuwa nimekupikia chapati, maana najua githeri yetu ya mahindi na maharagwe huwezi. Nilikwenda mpaka stendi kuuliza, nikaambiwa mama mwenye hijabu ya kijani alipanda lori la Dadaab mchana, akakaa juu ya magunia, hakusema na mtu.

Tuache habari za jirani. Ni wewe.

Umeogopa. Wewe uliyelala peke yako njiani na mzigo wa vitambaa, fisi wakizunguka, ukawafukuza kwa kelele na sufuria, leo umekimbia kitanda cha hospitali! Damu haitakungoja ukusanye ujasiri. Nimekasirika, na nitaendelea kukasirika mpaka nikuone mlangoni pangu.

Kathure


Dadaab,
15 Oktoba 1997

Mwalimu,

Sikuogopa. Lifute neno hilo.

Nitakuambia jambo ambalo sijakuambia miaka yote hii, ingawa tumekula sahani moja. Nikimaliza, usinipe pole.

Mimi nilishonwa nikiwa mtoto, kama wanawake wote wa kwetu wa umri wangu. Nilifunguliwa nilipoolewa. Kila nilipozaa nilikatwa na kufungwa tena, mara tano, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeniuliza. Nimeishi na mwili huu. Nimefanya nao kazi, nimezaa nao, nimezika nao mume. Sikuwahi kuuonea haya mpaka Jumatatu ile.

Ruweyda alipoitwa, akaja msichana mwenye sare ya wanafunzi. Kwa lafudhi si wa huku. Akaniambia nilale, nikalala. Akafunua shuka. Mwalimu, akasema "Uuwi!" kama mtu aliyekanyaga nyoka. Kisha akatoka mlangoni akawaita wenzake, "Njooni muone, njooni muone." Wakaja wawili. Mmoja akasema, "Sasa hapa chombo kitapita wapi?" Wakacheka kidogo, si sana, kile kicheko cha kuziba mdomo. Walidhani sijui Kiswahili. Mimi, niliyefundishwa Kiswahili na wewe!

Sikuwaambia neno. Nilivaa nguo zangu, nikapita katikati yao. Sikuja kwako kwa sababu ningekutazama usoni ningelia, na sikutaka kulia kwa ajili ya wale.

Lakini nimekaa siku hizi nikifikiri, na hasira yangu imegeuka. Kwanza niliapa sitarudi. Sasa naona nisiporudi, wale wasichana watakuwa wameniua kwa kicheko. Haiwezekani. Mimi sifi kwa sababu mtoto wa watu amesema "uuwi".

Nitarudi. Ila safari hii nitakuja na masharti yangu. Nipe tarehe.

Osob


Garissa,
24 Oktoba 1997

Abaayo Osob,

Dada yangu, umenikataza kukupa pole, sikupi. Mimi nilikuita mwoga, na wewe ulikuwa umetukanwa. Nimelifuta neno.

Nami nilipitia kisu, kwetu Meru, nikiwa msichana. Si kama wewe, sikushonwa. Lakini najua kulala chali huku mtu anakutazama kama kitu. Hilo tuliache hapo.

Nilikwenda hospitalini siku hiyo hiyo niliyopata barua yako. Sikutaja jina lako. Nilimwambia matroni kilichotokea, na nikamwambia mimi ni mwalimu, nina mdomo, na naujua mlango wa afisa wa mkoa. Wale wanafunzi wamehojiwa. Matroni ameahidi kwamba utakapokuja, chumbani ataingia mwenye kazi tu.

Tarehe ni 27 Novemba. Daktari Nkirote, mwanamke, huja kutoka Nairobi kila mwezi, ndiye atakayekushughulikia. Jiandae hivi. Vile vidonge vya kuongeza damu nilivyomtuma Kulow navyo, meza kila siku baada ya chakula, maana umepoteza damu nyingi. Aspirini acha kabisa, na dawa zozote za miti. Usiku wa kuamkia siku yenyewe usile wala usinywe, hata maji. Uje na vitambaa safi vya pamba. Mikufu na bangili uache nyumbani. Na hina ya kucha uiache ikue itoke, kwa sababu ukiwa umelala usingizi wa dawa wanaangalia rangi ya kucha kujua kama unapumua vizuri.

Usishtuke ukisikia wakiita kazi yenyewe "kusafisha kizazi". Ndivyo wanavyosema. Wanapanua mlango wa kizazi kidogo, wanakwangua ngozi ya ndani, ndiyo inayopelekwa kupimwa. Hutasikia kitu. Utaamka mdomo umekauka, tumbo likivuta kama siku za hedhi.

Mvua imeanza huku, na haina dalili ya kuacha. Njoo mapema.

Kathure


Dadaab,
9 Novemba 1997

Kwa Mwalimu Kathure,

Ulinifundisha hesabu darasa la tano na nakuheshimu. Ndiyo sababu naandika.

Sokoni hapa wanasema mama yangu ana miadi Garissa ya kwenda kusafishwa. Mwalimu, wewe unajua na mimi najua ni wasichana wa namna gani huenda kusafishwa, na kwa sababu gani. Baba yangu alikufa miaka sita iliyopita. Nikipita penye duka la chai watu wananyamaza. Binamu za baba wameniita wakaniuliza.

Nimemwuliza mama. Ananiambia, "Hooyo, ni mambo ya wanawake," kwa lile neno ambalo kwetu mama na mwana huitana, na anaendelea kupima kitambaa. Sasa nakuuliza wewe, kwa kuwa barua zinatoka kwako. Kuna mwanamume? Ni nani? Na kama hakuna, kwa nini asafishwe?

Nasikia hospitali hutaka sahihi ya mwanamume wa nyumba. Mwanamume wa nyumba ni mimi. Sitatia sahihi. Nakuomba uache kumwandikia.

Abdiwahid Korane


Garissa,
13 Novemba 1997

Mwanangu Abdiwahid,

Nakujibu kwa ndege ya shirika lenu, kwa kuwa barabara imekatika.

Sitakuambia mama yako ana nini. Ni lake, atakuambia akiona unastahili. Lakini nitakuambia unachopaswa kujua kama mtu mzima. Neno "kusafisha" ni la kazi moja, na kazi hiyo hufanywa kwa sababu nyingi. Mojawapo ni kutafuta ugonjwa unaoua. Wewe umesikia neno moja sokoni, ukajenga juu yake mwanamume, mimba na aibu ya ukoo, na hujamwuliza mama yako kama anaumwa. Darasa la tano ulikuwa ukiandika jibu kabla ya kusoma swali, nikawa nakukata alama.

Mahali wanapotaka kupaangalia ndipo ulipokaa wewe miezi tisa. Hukuwa na aibu napo wakati ule.

Sitaacha kumwandikia.

Mwalimu wako,
Kathure


Dadaab,
20 Novemba 1997

Mwalimu,

Hapa ni maji kila upande. Vyoo vya kambi vimejaa, mbuzi wanakufa, watu wanasema ni ugonjwa wa mifugo na wengine wanasema ni hasira ya Mungu. Ndege ndiyo inayoleta chakula. Mimi nina yangu.

Neno lilitokea dukani mwangu. Nilikuwa namweleza Kaaha habari ya kusafishwa, mteja mmoja akawa nyuma ya nguo zilizotundikwa. Kufikia alasiri nilikuwa na mimba. Mwalimu, miaka hamsini na minane! Nimecheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Mwanamke mmoja akaja kununua shashi ya kufunga kichwani, macho yake yote yako tumboni mwangu. Nikamwambia, "Tazama vizuri, ni mapacha." Alisahau chenji yake.

Lakini kwa Abdiwahid sikucheka. Alikuja na barua yako mkononi, amekasirika, na chini ya hasira niliona ana hofu. Akaniuliza, "Hooyo, unaumwa?" Hilo ndilo swali nililokuwa nangoja. Nikamkalisha, nikamwambia yote: damu, na kwamba huenda ni saratani na huenda si kitu. Akasema kuna mzee anayesomea wagonjwa Kurani huko Sangailu, twende kwake kwanza. Nikamwambia dua nitaipokea kwa mtu yeyote, lakini damu hii nataka ijulikane jina lake. Akasema, "Na daktari akiwa mwanamume?" Nikasema ni mwanamke. Akasema, "Nakataza." Nikamwambia, "Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa askari mwenye bunduki na hakuwahi kunitamkia neno hilo." Akatoka. Hajarudi kula kwangu tangu juzi.

Sasa jana Kulow ameniletea maneno uliyoyapitisha kwenye redio ya upepo: Daktari Nkirote hawezi kufika, barabara ya kutoka Nairobi imekatika, na aliyebaki ni Daktari Mutiso. Unaniuliza kama nitangoja.

Nimeswali, nimefikiri. Maji haya yatakaa miezi, na damu imeongezeka. Maalim mwenyewe amesema, safari hii nilimwuliza kwa mdomo wangu nikiwa nyuma ya pazia, kwamba akikosekana tabibu mwanamke, mgonjwa hatakiwi kufa. Basi ni Mutiso. Masharti yangu ni haya, umpelekee. Wewe utakaa kichwani pangu. Ruweyda atakaa ubavuni. Nitafunikwa, ifunuliwe sehemu ya kazi tu. Na kabla hajanigusa, nitazungumza naye nikiwa nimekaa, nimevaa nguo zangu, ana kwa ana.

Kwenye ndege sina nafasi bila Abdiwahid kuniombea, na sitamwomba. Kulow amepata trekta inayokwenda kutafuta mafuta. Nitapanda nyuma. Panapozama tutashuka tutembee. Kama nitapita tarehe, waambie waipange upya, kwa sababu niko njiani.

Habari ya kufunga kula umeniandikia kama mwalimu wa chekechea. Mimi nimefunga Ramadhani juani na mbuzi mia wa kuchunga. Hina nimeiacha, kucha zangu zinafanana na za mwanamume.

Osob


Garissa, nyumbani kwa Mwalimu,
5 Desemba 1997

Hooyo Abdiwahid,

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika, na kwa sababu nataka uelewe kila neno.

Nilifika. Trekta ilizama kabla ya nusu ya njia. Nilitembea kwenye maji ya magotini na wanawake wawili wa kambini waliokuwa wakipeleka mtoto mgonjwa, tukapokezana kumbeba. Usiku tulilala juu ya kichuguu. Nilipofika kwa Mwalimu nilikuwa na matope mpaka kwenye nyusi, hakunitambua.

Walinipima damu wakakuta ni kidogo, wakanipa chupa moja, wakaningoja nipate nguvu. Juzi ndiyo ikawa siku yenyewe.

Kwanza karani. Akatoa karatasi ya ruhusa, akaniuliza, "Mzee wako yuko wapi?" Nikasema, "Kaburini." "Kijana wako?" "Dadaab." Akairudisha karatasi kwenye meza, akasema ningoje mtu wa kutia sahihi. Watu walikuwa wamejaa kwenye ile korido, hooyo, na mimi nilisimama. Nikamwuliza, "Kizazi hiki ni cha nani?" Nikamwuliza tena kwa sauti, mpaka wazee waliokuwa wamesinzia wakaamka. "Ni cha nani? Kama ni cha kijana wangu, mfuateni yeye mkamchukue nyama. Kama ni changu, nipe kalamu." Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Mpe kalamu mama." Na mwingine. Akanipa. Nikaandika jina langu lote, la baba yangu na la babu yangu, mpaka nafasi ikaisha.

Kisha daktari. Huyu Mutiso ni Mkamba, mtu mfupi, ana mvi. Alikuja akakaa kwenye kiti mbele yangu kama nilivyotaka. Nikamwambia, "Daktari, mimi nilishonwa. Utaona kitu ambacho labda hujazoea. Ukitaka kushangaa, shangaa sasa, umalize." Akasema, "Mama, nimefanya kazi Wajir na Mandera. Sitashangaa. Lakini kuna kovu, na itabidi nilikate kidogo ili chombo kipite." Nikasema kata. Akatazama mikono yake, kisha akauliza, "Nikimaliza, nikufunge kama ulivyokuwa?"

Hooyo, nina miaka hamsini na minane, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza.

Nikamwambia, "Shona kingo tu zisitoke damu. Usinifunge tena."

Najua hupendi kusoma haya kutoka kwa mama yako. Nami sikupenda kuyaandika. Lakini umesikia ya sokoni, basi sikia na ya kwangu. Hakuna mwanamume. Hakuna mimba. Kuna damu, na kuna kipande cha nyama kwenye chupa kinachongoja ndege ya kwenda Nairobi. Nililala, nikaamka, Mwalimu ameshika kichwa changu na Ruweyda anasoma Ayatul Kursi. Nilikuwa nimefunikwa.

Wewe ni mwanangu na nakupenda. Lakini kunikataza kumekwisha.

Mama yako,
Osob Gelle


Dadaab,
14 Desemba 1997

Hooyo,

Nimesoma barua yako stoo, katikati ya magunia, mlango nimefunga.

Nilikaa na wale binamu za baba, wakaanza tena yale maneno yao. Nikawaambia mama anatafutwa ugonjwa, na mtu atakayemtaja tena nitashindana naye kwa mikono. Mmoja akasema mama yako amekushinda. Nikamwambia ndiyo.

Sikubaliani na yote. La daktari mwanamume bado linanikaa kooni, sitakudanganya. Lakini ulitembea kwenye maji yale ukiwa unatoka damu, na mimi ninafanya kazi kwenye shirika lenye ndege. Nikifikiri hilo siwezi kulala.

Nimeomba nafasi ya Alhamisi. Nakuja mwenyewe kukuchukua tufunge Ramadhani nyumbani. Nisalimie Mwalimu. Mwambie nimesoma swali.

Abdiwahid


Garissa,
6 Februari 1998

Abaayo Osob,

Idd njema iliyopita. Majibu yamekuja jana. Daktari Mutiso aliniita kwa kuwa ulimwambia anipe mimi, nami nayaandika kama alivyoyasema, bila kuyapamba.

Ni saratani. Iko kwenye ngozi ya ndani ya kizazi. Imekutwa changa, na kwa anavyoona haijatoka nje ya kizazi, ingawa hilo litajulikana kwa hakika wakifungua. Dawa yake ni kuondoa kizazi chote, Nairobi, na isiwe baadaye. Ameandika barua ya kukupeleka, na Daktari Nkirote ndiye atakayekupokea huko. Akasema neno moja nililomwomba alirudie: "Angengoja barabara ikauke, tungekuwa tunazungumza mengine."

Nilitoka pale nikaenda nikakaa kanisani, sikusali, nilikaa tu. Nimelia kwa niaba yako ili usipoteze muda. Sasa nimemaliza.

Niambie lini.

Kathure


Dadaab,
11 Februari 1998

Mwalimu,

Nimesoma. Abdiwahid amesoma. Kaaha amechukua funguo za duka.

Tunakuja Jumapili. Pika chapati.

Osob


Dadaab,
3 Mei 1998

Mwalimu wangu Kathure,

Assalamu alaikum, na Bwana asifiwe, nimekutangulia.

Nimerudi nyumbani. Kovu la tumbo limefunga, linawasha tu nikitoka jasho. Daktari Nkirote aliniambia kabla sijatoka Nairobi kwamba walichokitoa wamekipima chote, na ugonjwa ulikuwa ndani yake, haukuwa umetoka. Nitarudi kuangaliwa mara kwa mara kwa miaka kadhaa. Aliniuliza kama njia itanishinda. Nilimtazama tu. Nafikiri Mutiso alikuwa amemsimulia habari za trekta, maana alicheka mwenyewe.

Hospitali ile ya Nairobi ni kubwa, watu hawasalimiani. Kitanda cha pili alikuwa mama wa Kikuyu ambaye alikuwa na damu kama yangu miaka mitatu na hakumwambia mtu, hata mumewe. Tulikuwa tunazungumza mchana kutwa. Alifariki Jumamosi moja kabla ya chakula cha mchana, nimeshika mkono wake. Alikuwa mdogo kwangu. Sijapata jinsi ya kuliandika hilo vizuri, kwa hiyo nimeliandika hivyo.

Abdiwahid alikaa Nairobi muda wote, Eastleigh kwa rafiki yake. Alikuwa analeta supu. Siku moja nesi alitaka kubadilisha bandeji akamwambia atoke, yeye akamwambia, "Nitasimama nje ya pazia, asiingie mtu." Akasimama pale kama baba yake kwenye lindo. Hajaniambia tena lolote kuhusu Mutiso, nami sijamwuliza.

Jana nilifungua duka. Mwalimu, ungeona watu! Hata wasionunua walikuja. Wanagusa vitambaa, wanatazama uso wangu, wanatazama tumbo, hakuna anayesema. Mwishowe mama mmoja, mke wa mwenye duka la sukari, ambaye ndiye aliyekuwa nyuma ya nguo siku ile, akajitia kuuliza kwa sauti ya chini, "Osob, tunasikia ulitolewa kitu. Ulitolewa nini hasa?"

Nje walikuwa wamesimama wanaume wawili wakifunga punda, wakaiacha kamba ili wasikie.

Ningeweza kusema tumbo. Ningeweza kusema nyongo, wengi husema nyongo. Nikaweka mkasi mezani, nikamjibu kwa sauti ileile ninayoitia bei:

"Nilitolewa kizazi. Kilizaa watoto watano, kikaugua, kikatolewa. Kilikuwa na saratani, na kama damu yako imeacha kisha ikarudi, nenda ukaangaliwe, usikae nyuma ya nguo za watu ukisikiliza habari za mwenzio. Mimi nipo. Haya, unachukua mita ngapi?"

Alichukua nne.

Osob Gelle